Getini Waliniita Sadiki

Kitu cha kwanza mtakachokabidhiwa ni filimbi. Ipokeeni, itundikeni shingoni, na msiipulize. Mimi nimekaa getini Doha miaka kumi na tisa na nimeipuliza mara moja tu, tena kwa sababu ya paka. Kitu cha pili ni daftari la wageni. Hilo daftari ndilo lililonikalisha kitako hapa kwetu Mwatate, miguu yangu iliyozoea buti ikishangaa ndala, niwaandikie ninyi walinzi mliobaki na mnaoanza. Habari za vyeo sitazigusa. Nilianza nikiwa mlinzi, nikamaliza nikiwa mlinzi mwenye nyota moja begani, na nyota yenyewe ilikuwa ya plastiki.

Kwa wale ambao hamkuwahi kupangiwa kwetu, geti letu liko Al Rayyan. Ndani ya ukuta kuna nyumba arobaini na mbili zilizofanana hadi mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipotea humo, bwawa la kuogelea, na ukumbi mdogo ambao funguo zake hukaa kwetu kibandani. Waliopanga wengi walikuwa wazungu: walimu wa shule za kimataifa, wahandisi, watu wa gesi. Palikuwa na familia chache za Kiarabu na za Kihindi. Weusi tulikuwa wengi vilevile, ila sisi tulikuwa getini, jikoni, nyuma ya usukani, au tukisukuma vigari vya watoto wa watu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba. Aliyewahi kushika chuma cha geti la Doha mwezi wa saba saa sita mchana hatahitaji maelezo, na ambaye hajawahi hataniamini. Nimesimama pale na sare mpya inayowasha, gari likasimama, mzungu akatoa kichwa dirishani akanipigia kelele, "Sadiki! Sadiki!"

Mimi ni Mkatoliki. Neno hilo nimelisema kila Jumapili tangu nikiwa mdogo, baada ya mahubiri, tumesimama wote. Nikadhani bwana yule ananitaka nikiri imani. Sikujua ni desturi ya nchi au ni mtihani wa kazi. Nikajiweka sawa, mikono ubavuni, nikamjibu kwa sauti, "Nasadiki, bwana!"

Aliyekuwa zamuni pamoja nami ni Mzee Vuai, Mpemba, Mwislamu safi, mtu aliyekwisha kukaa Uarabuni miaka mingi kabla yangu. Alicheka hadi akaketi chini. "Ah, Mwakio, hebu fungua geti mwanangu, usije ukabatiza watu hapa! Sadiki kwa Kiarabu ni rafiki. Asiyejua jina lako atakwita hivyo. Mimi sadiki, wewe sadiki, mfagiaji sadiki. Sote marafiki zake, na hakuna hata mmoja anayemjua."

Mzee Vuai ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuweka chupa ya maji ndani ya soksi iliyolowa ili isichemke. Alinifundisha kutazama chini ya gari kwa kile kioo chenye mpini bila kumfanya mwenye gari ajione mwizi. Kisha akanifundisha sheria ya geti, na hii haikuandikwa popote. Ilikuwa hivi: "Mweupe, fungua. Mwarabu, salimia kisha ufungue. Mhindi, uliza. Mweusi, andika."

Msimlaumu. Naye alifundishwa na aliyemtangulia, na alinifundisha kwa huruma, kama unavyomwonyesha mtu shimo lilipo asitumbukie. Kwenye karatasi ya kazi iliyobandikwa ukutani iliandikwa kwamba kila mgeni aonyeshe kitambulisho na aandikwe daftarini. Kila mgeni. Karatasi hiyo nilikuwa naipangusa vumbi kila asubuhi, na nilifuata ya Mzee Vuai. Alipostaafu na kurudi Pemba, nikawa mimi wa kuifundisha.

Sasa niseme la aibu mapema. Akaja kupanga nyumba namba tisa daktari mmoja Mnigeria na mkewe. Mpangaji kamili, amelipa, ana funguo. Mwezi mzima nilimsimamisha kila jioni akitoka hospitalini, nikamwandika kwenye daftari la wageni. Mwanamume anakwenda kulala kwake, mimi nauliza, "Unamtembelea nani?" Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili alinionyesha mkataba wake. Wiki ya nne alikuwa ananyoosha tu mkono kuchukua kalamu, bila kunitazama. Kabla mwaka haujaisha walihama. Mweusi mwenzangu, na mkono uliomfukuza ulikuwa huu ninaoandikia.

Mke wa daktari alikuwa na rafiki namba kumi na saba, mwalimu wa Kiayalandi aliyeitwa Fiona. Wiki waliyohama, Madam Fiona alikuja kibandani kwa miguu, uso umemwiva kwa jua, akaniomba daftari la wageni. Sikuwa na amri ya kumnyima. Alisimama pale dirishani akifungua kurasa moja moja, karibu saa nzima, nami nikijifanya nakagua tochi.

Mwishoni akaniuliza, "Kabla ya kuhamia hapa nilikuwa nikija kumtembelea dada mmoja, karibu kila wiki. Jina langu liko wapi?"

"Halimo, madam."

"Kwa nini halimo?"

Nilikuwa na majibu mengi ya uongo na jua lote lile lilikuwa linampiga kichwani. Nikamwambia ukweli. Nilimsomea ile sheria, mstari kwa mstari, kama nilivyosomewa. Nilitarajia anikaripie. Alifunga daftari, akasema, "Basi si wewe uliyeitunga."

"Hapana, madam. Lakini mimi ndiye ninayeifanya kazi."

Hapo akaniuliza jina. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimekaa pale na hakuna mpangaji aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia naitwa Mwakio, na kwamba hapa wananiita Sadiki, na nikamsimulia kiroja changu cha siku ya kwanza. Alitaka kujua tofauti. Nikamweleza: kwa Kiarabu ni rafiki, kwa Kiswahili ni kuamini neno la mtu. Akauliza, "Na wewe ungependa lipi?" Nikamjibu, "Marafiki ninao wengi hapa getini, madam. Wa kunisadiki ndio adimu."

Haukupita muda mrefu, kwenye ubao wa matangazo kukabandikwa karatasi: Kikundi cha Kahawa, kila Jumanne asubuhi, ukumbini. Kule mkutano ni neno zito, lakini kahawa haina kosa kwa serikali yoyote. Funguo ni zetu, viti tunapanga sisi, kwa hiyo nilisikia. Walikuwa saba au wanane, wazungu watupu, na hilo lilikuwa la makusudi. Walikuja kuambiana jinsi wao na jirani zao wanavyotutendea sisi weusi na wale Wanepali wa bustani, na la kufanya ni lipi.

Nitasema nilivyofikiri: niliona ni mchezo. Wazungu wamejifungia kwenye kiyoyozi wanaambiana kwamba wao ni wabaya, huku wanakula keki ya karoti. Mama mmoja, Madam Trish wa namba ishirini na mbili, ndiye aliyekuwa anaoka hizo keki. Mtu mwema, hakuna aliyepita kwake asipewe maji baridi. Jumanne ya pili alilia. Aligundua kwamba yaya aliyemfanyia kazi miaka minne, yeye hamjui hata jina la ukoo. Wenzake walimwacha alie. Madam Fiona alisema, "Futa machozi, kisha nenda kamuulize." Hapo kidogo nikawasogezea sikio.

Kosa lao la kwanza lilikuwa kubwa. Waliamua kutualika walinzi tueleze yanayotusibu. Tukaenda wanne, na sare zetu, tukasimama ukutani kwa sababu hakuna aliyethubutu kukalia vile viti. Wakatuuliza kwa upole. Tukajibu mmoja baada ya mwingine, "Kila kitu kizuri, madam. Asante, madam." Walitupa keki, tukarudi kazini. Mtu aliyekuja na familia yake yote mgongoni hamwambii mwajiri wala mpangaji kinachomuuma.

Jioni ile nilimfuata Madam Fiona alipokuwa akimtembeza mbwa. "Madam, samahani. Mnatuuliza sisi maneno yanayoweza kutupandisha ndege. Ninyi mnaweza kuyasema na mkalala kwenu. Jirani zenu mnawajua, lugha yao mnaijua, na ndugu zenu ndio hao. Semeni nao."

Alisimama pale hadi mbwa akachoka akalala. Jumanne iliyofuata hawakutuita tena. Walianza kwenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, kuzungumza na wazungu wenzao. Wengine walifungiwa mlango usoni. Namba thelathini alimpigia simu mudiri, yaani meneja wa kampaundi, kulalamika kwamba anasumbuliwa na wahubiri. Lakini kile kibao cha bwawani kilichosema yaya na madereva wasikalie viti kiling'olewa, na mayaya wakaketi. Wale waliopita getini wakawa wanasema "Habari, Mwakio", wengine wakitamka kama jina la dawa. Ni vitu vidogo. Hata hivyo vilinifurahisha, siwafichi.

Sasa nije kwa Baraka.

Baraka aliletwa kwetu nikiwa nimetimiza miaka kumi na minane, kutoka Nairobi, Kayole, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mke na mapacha. Tulipangiwa chumba kimoja. Siku yake ya kwanza nikamfundisha maji ya soksi, kioo cha chini ya gari, halafu sheria ya Mzee Vuai. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mzae," akaniita kwa Kinairobi, "hiyo imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa."

"Na ile ya ukutani?"

"Hiyo imeandikwa."

"Basi mimi nacheza na ya ukutani. Hiyo yako siijui."

Nikamwambia atamwaga unga. Akasema unga wenyewe hajauonja bado. Na kweli, alisimamisha kila mtu. Mweupe, mweusi, maji ya kunde, wote, "Kitambulisho, tafadhali." Wengine walinung'unika. Wale wa Jumanne walikuwa wanamtolea kabla hajaomba, wakicheka. Miezi mitatu ikapita, nami nikaanza kufikiri kwamba labda Mzee Vuai alikuwa mwoga tu.

Jumatatu moja alasiri teksi ilimshusha mzungu ambaye hatukumjua, na begi. Alikuwa ametoka safari, amechoka, jasho linamtiririka. Baraka alikuwa kwenye kizuizi, mimi kibandani, hatua tatu kutoka kwake, dirisha wazi.

"Habari ya mchana, bwana. Kitambulisho, tafadhali, na unamtembelea nani?"

"Fungua."

"Nitafungua, bwana. Kitambulisho tu."

Yule bwana akasema neno. Silitaji hapa, mnalijua. Kisha akamsukuma Baraka kifuani kwa mikono miwili, kofia ikaanguka, akainua kile kizuizi mwenyewe akaingia. Baraka hakumgusa. Aliokota kofia, akaipangusa, akanitazama. Nikainamia daftari.

Kabla ya magharibi mudiri alikuwa ameshapata malalamiko: mlinzi amemvuta mgeni mkono na kumtukana. Mgeni mwenyewe ni kaka yake Madam Trish, yule wa keki, amekuja kumtembelea kutoka kwao. Kamera tuliyokuwa nayo getini ilikuwa inatazama namba za magari, haikuwa na habari na watu. Mudiri akamwambia Baraka avue sare, akae chumbani, Jumatatu ijayo kikao, na baada ya kikao, akaonyesha juu kwa kidole, ndege. Halafu akaniita mimi.

"Wewe sadiki, ulikuwepo. Uliona nini?"

Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nikajibu, "Sikuona vizuri, bwana. Nilikuwa naandika." Akaniletea karatasi nikatia sahihi. Niliandika vizuri sana siku ile, herufi zote zimesimama wima.

Msiulize usiku ule ulikuwaje chumbani. Asubuhi Baraka aliamka akapika chai ya vikombe viwili kama kawaida. Alinipa changu. Hakuniuliza niliandika nini, na hilo ndilo lililoniua.

Jumanne nilifungua ukumbi. Habari ilikuwa imeshaenea. Madam Trish alikuja bila keki. Alisema kaka yake alikuwa hajalala siku mbili, kwamba si mtu mbaya, kwamba wamwache tu arudi kwao na yaishe polepole. Mimi nilikuwa nyuma, napanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

Madam Fiona akamwambia, bila kupandisha sauti, "Trish, tumezunguka nyumba arobaini tukiwaomba watu waseme na ndugu zao. Huyu ndiye ndugu yetu. Wewe uliona?"

Madam Trish alichukua mkoba akaondoka analia, na hakuna aliyemfuata. Mzee mmoja mhandisi akawaambia waliobaki, "Kosa la kijana ni kwamba alifuata maandishi. Basi na sisi tufuate maandishi." Wakakubaliana jambo, na siku zilizobaki wakazunguka tena nyumba kwa nyumba.

Ijumaa, maana kule ndiyo siku ya mapumziko, nilikwenda Mesaimeer, kwenye ile kampaundi ya makanisa, misa ya Kiswahili. Ukumbi umejaa, kwaya ya wasichana wa hoteli inaimba vizuri. Baada ya mahubiri tukasimama. Watu wote mia kadhaa wakaanza kwa pamoja, "Nasadiki." Mimi mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Nilisimama pale nikitazama kisogo cha mtu wa mbele hadi wakamaliza.

Jumapili ndiyo siku ya kwanza ya kazi kule. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wa watoto kupelekwa shule, gari la kwanza likasimama mbele ya kizuizi na halikusogea. Madam Fiona. "Habari, Mwakio. Naomba uniandike."

"Madam, wewe unakaa hapa."

"Daktari naye alikuwa anakaa hapa."

Nikamwandika. Nyuma yake mhandisi, na kitambulisho mkononi. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Wengine walikuwa wale wa Jumanne, lakini wengi sikuwahi kuwaona ukumbini, hata namba thelathini alikuwepo, amekunja uso, kadi imetoka nje ya dirisha. Foleni ilijikunja hadi bwawani. Honi zikaanza. Watoto walichelewa shule, na sidhani kama walihuzunika. Mudiri akaja anakimbia na kandambili. "Yalla, fungua, fungua! Hawa ni wapangaji!" Madam Fiona alikuwa ameegesha, amesimama kando, akamwonyesha karatasi ya ukutani. "Hapa pameandikwa kila mgeni, na daktari wa namba tisa aliandikwa mgeni. Tunataka kujua kama mlinzi anafukuzwa kwa kuifuata. Kama sheria si hii, iandikwe ile nyingine, ibandikwe hapahapa, tuisome sote."

Mudiri alisoma ile karatasi kana kwamba imebandikwa asubuhi ile. Mimi niliandika hadi kidole kikapata lengelenge. Gari la Madam Trish sikuliona.

Kikao kilikuwa Jumatatu saa nne, ofisini kwa mudiri. Baraka alivaa shati jeupe la kanisani. Mimi niliitwa kama shahidi ambaye hakuona. Madam Fiona na mhandisi walikaa nyuma. Mudiri alikuwa na hali ngumu, maana foleni ya jana ilikuwa imefika hadi kwa wenye mali. Hata hivyo akasema la kusukumana ni jingine. Mgeni amesema amevutwa mkono, mlinzi amesema amesukumwa, neno la mmoja dhidi ya la mwingine, na shahidi, akainua karatasi yangu, hakuona.

Mlango ukafunguliwa akaingia Madam Trish. Hakuwa na kaka yake. Hakuketi.

"Mimi niliona," akasema. "Nilikuwa nakuja getini kumpokea, nilikuwa nimesimama penye yale maua. Kaka yangu ndiye aliyesukuma. Bwana huyu hakumgusa. Na alichomwambia nilikisikia pia." Akamgeukia Baraka. "Nilikaa kimya wiki nzima. Samahani."

Baraka aliitikia kwa kichwa kidogo, basi.

Mudiri akanigeukia. "Na wewe, sadiki? Ulikuwa hatua tatu."

Mnaona ilivyokuwa. Mama yule amemtoa kaka yake wa damu, mbele ya watu, kwa ajili ya mtu wangu. Mimi nilikuwa na miezi minane na nyota ya plastiki. Nikasema, "Niliona, bwana. Niliona yote tangu mwanzo. Ile karatasi niliandika uongo." Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa imechelewa, na kila mtu mle ndani alijua imepita mlango ambao mwingine alikuwa ameshaufungua.

Baraka alirudishiwa sare siku ileile. Mimi nilipewa barua ya onyo, na ilikuwa haki yangu. Jioni nilimwambia Baraka maneno niliyokuwa nayo, hayakuwa mengi. Alinisikiliza, akamimina chai vikombe viwili. "Imeisha, mzae," akasema. Lakini mtu anaweza kusema imeisha huku bado anaibeba, na miezi ile yote sikujua ni lipi.

Kile kikundi hakikugeuka malaika. Wawili walinuna na kuacha kuja. Madam Trish na kaka yake hawakusemezana muda mrefu. Sheria ya Mzee Vuai iko hai kwenye mageti mengi, na ninyi mnaohamishiwa Lusail, ambako nasikia geti linasoma namba ya gari na kujifungua lenyewe, mtaikuta imewatangulia huko. Ila pale kwetu ilikufa. Ilikufa kwa sababu watu wenye sura iliyokuwa ikifunguliwa walikataa kufunguliwa. Nilidhani ni mchezo wa keki, nikakosea.

Siku yangu ya mwisho, mandubu wa kampuni, yule mshughulikia makaratasi, alikuwa amekwisha kuchukua kitambulisho changu. Pasi angenikabidhi uwanja wa ndege. Gari la kunipeleka lilikuwa lije alasiri, nikakumbuka chupa yangu ya chai nimeiacha ukumbini, na Madam Fiona sijamuaga. Nikarudi kwa miguu, na suti yangu ya kijivu. Zamuni alikuwa Baraka.

"Karibu, mzae. Kitambulisho, tafadhali."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anacheka. Akanisogezea daftari. Miaka kumi na tisa nimeandika majina ya watu mle na langu halikuwahi kuingia. Mstari wa juu ya ule niliotakiwa kujaza, kwa mwandiko wa mgeni mwenyewe, palikuwa na jina la kaka yake Madam Trish, amekuja kwa mara ya pili, ameingia asubuhi ile, namba ya kitambulisho chake imeandikwa yote. Nikashika kalamu. Jina: Mwakio. Anamtembelea: namba kumi na saba. Sababu: kuaga. Nikafika kwenye safu ya kitambulisho, nikasimama.

"Sina, Baraka. Mandubu amekichukua. Pasi sijapewa. Sina karatasi yoyote ya kuonyesha mimi ni nani."

Alinitazama kwa yale macho aliyonitazama siku alipookota kofia. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu, akageuza daftari upande wake, akaandika kitu kwenye safu ile, akanirudishia nisome. Lilikuwa neno moja.

Nimemsadiki.

Akainua kizuizi, nikapita.